Betri mbili kwenye gari la porini: kuchagua, kufunga na kupima

Kazi ya betri ya pili ni moja: friji na taa zifanye kazi usiku kucha, na asubuhi gari liwake kama kawaida. Wengi hununua betri kwanza, halafu ndipo wanahangaika namna ya kuichaji. Geuza mpangilio huo. Anza na matumizi yako ya siku, fuata alternata (mashine ya injini inayochaji betri) ya gari lako, betri ichaguliwe mwisho.

Kabla ya yote fungua boneti. Baadhi ya magari ya dizeli hutoka kiwandani na betri mbili, lakini zote mbili ni za stata: zimeungwa sambamba kwa volti 12, au mfululizo kwa volti 24. Ukiziunganishia friji zitaisha pamoja. Na kama gari ni la volti 24, usithubutu kuchukua volti 12 kwenye betri moja kati ya hizo. Hiyo moja itakuwa na njaa kila siku, mwenzake atachajiwa kupita kiasi, na zote zitakufa kabla ya wakati. Gari la aina hiyo linahitaji chaja ya DC-DC, yaani inayochaji betri moja kwa umeme wa nyingine huku ikibadilisha volti, inayopokea 24 na kutoa 12.

Hesabu ya matumizi

Friji ya kompresa ya lita 40 hadi 50 huvuta kama ampea 3.5 ikiwa inazunguka. Haizunguki muda wote, ila kwenye joto kali chukulia nusu ya siku: saa 12 mara 3.5 ni ampea-saa 42. Taa za LED za ampea 1 kwa saa 4 ni 4 nyingine, simu na kamera tuseme 4. Jumla 50 kwa siku. Ukiegesha siku mbili bila kuwasha injini, unahitaji ampea-saa 100 zinazotumika kweli, si zile zilizoandikwa kwenye betri.

Tofauti ndiyo hiyo hapo. Betri ya risasi, hata AGM (aina iliyozibwa, isiyomwaga asidi), ukitaka iishi miaka usiishushe chini ya nusu. Kwa hiyo 100 za kutumia zinadai betri ya 200, ambayo ni takriban kilo 60. Betri ya lithiamu ya LiFePO4 unaweza kuitumia asilimia 80 bila wasiwasi, hivyo 125 inatosha, na uzito wake ni kama kilo 15. Betri ya kawaida ya stata usiifikirie kabisa kwa kazi hii. Sahani zake ni nyembamba, zimetengenezwa kutoa mkondo mkubwa kwa sekunde chache. Ukiimaliza mara kadhaa inaanza kupoteza uwezo na hairudi.

Lithiamu ina masharti yake. Haipendi joto la chumba cha injini, na haitakiwi kuchajiwa ikiwa imepoa chini ya nyuzi 0. Iweke ndani ya gari au kwenye sanduku la nyuma. Kama nafasi uliyonayo ni chini ya boneti tu, chagua betri ya risasi inayostahimili joto na mtikisiko, na ukubali kwamba hata hiyo joto litaipunguzia umri. Betri ya maji ya asidi isikae ndani na abiria isipokuwa kwenye sanduku lililofungwa lenye bomba la kutoa gesi nje, maana inapochajiwa hutoa haidrojeni.

Jambo lingine linalosahaulika: AGM hujaa polepole mwishoni. Asilimia 20 za mwisho zinaweza kula saa kadhaa, kwa hiyo anayeendesha saa moja tu kwa siku hataijaza kamwe kwa alternata peke yake. Huyo ama aongeze paneli ya sola, ama aende lithiamu.

Rilei au chaja ya DC-DC?

Rilei inayosoma volti, yaani swichi inayojiwasha na kujizima yenyewe, ndiyo njia rahisi. Alternata ikipandisha volti kufika kama 13.3 inaunganisha betri mbili. Zikishuka hadi kama 12.8 inazitenganisha. Inafanya kazi vizuri kwenye gari la zamani lenye alternata ya volti isiyobadilika, na betri zote mbili zikiwa za risasi.

Magari mapya mengi yana alternata inayoongozwa na kompyuta. Betri ya stata ikishajaa, kompyuta inashusha volti ili kuokoa mafuta; rilei inaona volti ndogo na kukata, nawe umeendesha siku nzima betri ya nyuma ikiwa haijapata kitu. Kujua gari lako liko upande gani, weka multimita kwenye betri ya stata. Pima mara baada ya kuwasha, kisha endesha nusu saa huku mwenzako akisoma kipimo. Kikibaki kati ya 13.8 na 14.4, alternata ni ya kawaida. Kikishuka kuelekea 12.5 na kuruka juu unapoachia pedali ya mafuta kwenye mteremko, achana na rilei.

Chaja ya DC-DC hupokea volti yoyote inayokuja na kutoa inayotakiwa na betri: karibu 14.4 hadi 14.7 kwa AGM, 14.2 hadi 14.6 kwa LiFePO4. Fuata namba za mtengenezaji wa betri, si za jirani. Kwa alternata ya kompyuta, unganisha pia waya mwembamba wa ishara kutoka mstari unaopata umeme swichi ikiwashwa, chaja ijue injini inafanya kazi. Kwa lithiamu, chaja hii si anasa. Lithiamu iliyoishiwa hunywa mkondo wote inaopewa, na alternata inayozunguka polepole gari likiwa limesimama haina upepo wa kutosha kujipoza, inaungua. Chaja ya ampea 25 inaweka mpaka.

Kasoro yake moja: umeme unakwenda upande mmoja. Stata ikikosa nguvu, chaja haitakusaidia kuwasha gari, kwa hiyo beba nyaya za kubusti. Winchi nayo ibaki kwenye betri ya stata. Ikivuta kwa nguvu zote inaweza kutaka ampea 400, na BMS (mfumo wa ulinzi ndani ya betri) ya lithiamu itajikata.

Nyaya

Hapa ndipo mifumo mingi inapoharibikia, na lawama hupewa betri. Chaja inayotoa ampea 25 kwa volti 14.4 itavuta hadi 33 upande wa kuingilia, kwa sababu volti huko ni ndogo na sehemu fulani ya umeme hupotea kama joto. Kwa mita 4 kwenda na 4 kurudi, waya wa shaba wa milimita 6 za mraba utapoteza karibu volti 0.8. Wa milimita 16 za mraba utapoteza 0.3. Chukua huo wa 16.

Angalia neno "mraba" unaponunua. Nyaya nyingine za magari huuzwa kwa unene wa nje pamoja na plastiki yake: ukiambiwa "milimita 6" bila mraba, shaba ya ndani inaweza kuwa chini ya 5 za mraba. Kwangua ncha kwa kisu pia. Ikionekana nyeupe ndani, hiyo ni alumini iliyopakwa shaba. Inapitisha umeme vibaya na hukatika kwa mtikisiko.

Waya wa chanya kati ya betri mbili unahitaji fyuzi mbili, moja kila mwisho, ndani ya sentimita 20 kutoka kwenye betri. Moja haitoshi: waya ukichubuka katikati na kugusa chuma, kila betri inaulisha moto kutoka upande wake. Kwa chaja ya ampea 25, fyuzi ya 50 inafaa. Fyuzi inalinda waya, haimlindi friji, kwa hiyo isizidi uwezo wa waya.

Ethi ipewe heshima sawa na chanya. Bodi ya gari la porini mara nyingi imekaa juu ya raba, haijagusana vizuri na chesi, na bolti ya kiti si ethi. Rudisha waya mnene hadi sehemu ya ethi karibu na betri ya stata, au kwenye chesi baada ya kukwangua rangi mpaka chuma king'ae, kisha paka grisi juu ya kiungo kilichokazwa. Kama kichwa cha hasi cha betri ya stata kina kihisi kidogo, usiunge juu yake. Unga upande wa chesi, la sivyo kompyuta ya gari itapoteza hesabu.

Vichwa vya nyaya vibanwe kwa koleo la haidroliki. Risasi ya kuchomelea peke yake huufanya waya uwe mgumu mahali pamoja, na hapo ndipo unapokatikia. Pitisha nyaya kwenye mpira kila zinapovuka bati, zikae mbali na ekzosi, na zifungwe kila sentimita 30.

Kuunganisha

1. Ondoa hasi ya betri ya stata kabla ya kugusa chochote.
2. Funga betri ya pili kwenye trei ya chuma, kwa bolti za M8 zinazopita hadi kwenye chuma kigumu na washa (kisahani cha bolti) pana chini. Betri isisogee hata ukiisukuma kwa mguu.
3. Laza nyaya zote, fyuzi zikiwa bado hazijawekwa.
4. Unga chaja, kisha betri ya pili. Kama chaja ina mlango wa sola, paneli iungwe mwisho kabisa.
5. Chagua aina ya betri kwenye chaja, rudisha hasi ya stata, weka fyuzi.

Washa injini upime. Ncha moja ya multimita kwenye chanya ya betri ya stata, nyingine kwenye chanya ya kuingilia chaja, chaja ikifanya kazi kwa nguvu zote: isizidi volti 0.2. Rudia upande wa hasi. Upande ukizidi, pima kiungo kimoja kimoja hadi umpate mkosaji. Gusa kila kishikio cha fyuzi baada ya dakika 20. Kinachochoma vidole kina kiungo kibovu.

Kusoma kilichobaki ni rahisi kwa betri ya risasi: ikiwa imepumzika saa kadhaa, 12.7 imejaa, 12.2 ni kama nusu. Kwa LiFePO4 volti hudanganya, kwani hukaa karibu 13.2 muda mwingi kisha huporomoka ghafla. Weka shanti (kipande cha kupimia mkondo unaopita) kwenye hasi na kipimo chake, na kila hasi ya vifaa iungwe upande wa pili wa shanti. Ukiunga friji moja kwa moja kwenye betri, matumizi yake hayatahesabiwa.

Baada ya kilomita mia chache za kwanza za barabara mbovu, kaza upya bolti za trei na vichwa vya betri, na ukague plastiki ya nyaya pale zinapopita kwenye bati.