Indiketa za gari la zamani zinagoma? Usikimbilie kununua flasha

Indiketa ikigoma, wengi wanakimbilia kununua flasha mpya (kile kidude kinachofanya taa zipepese), wanachomeka, mambo yako vilevile, basi wanaanza kusema hizi flasha za siku hizi ni feki. Flasha inakufa ndiyo, sikatai, ila kwenye magari ya miaka ya 50 mpaka 70 mara nyingi flasha haina kosa, inakuonyesha tu kwamba umeme unaofika kwenye balbu hautoshi. Ile ya zamani ya bimetali (ina kipande cha metali mbili zilizoshikamana), umeme wote wa balbu unapita ndani yake, kile kipande kinapata moto, kinapinda, kinakata, kinapoa kinarudi, ndiyo hiyo tik tik unayoisikia. Umeme ukipungua kinachelewa kupata moto, kwa hiyo indiketa inakuwa ya uvivu au inawaka tu moja kwa moja bila kupepesa.

Vifaa: multimita, testa ya balbu (hii usiiache, nitakwambia kwa nini), kipande cha waya chenye klipu mbili na fyuzi katikati, msasa laini, brashi ndogo ya waya na spirei ya kusafishia kontakti. Betri iwe imechajiwa vizuri, volti 12.6 hivi ukiwa hujawasha injini. Kama betri ni choka utahangaika bure.

Hatua ya 1: Itazame kwanza kabla hujafungua kitu

Washa swichi ya gari, weka indiketa kushoto, shuka uzunguke gari, halafu kulia vilevile.

Upande mmoja uko fresh na mwingine unawaka bila kupepesa? Flasha ni nzima, achana nayo, maana ni hiyohiyo moja inayohudumia pande zote. Tatizo liko kwenye balbu, soketi au erthi (njia ya umeme kurudi betri kupitia bodi) ya ule upande mbovu. Pande zote zinawaka ila hazipepesi, hapo flasha inaingia kwenye washukiwa, pamoja na volti ndogo. Hakuna kinachowaka kabisa, fikiria fyuzi, swichi ya hazadi (ile ya kupepesa indiketa zote pamoja) au swichi ya kwenye usukani. Na ukiona indiketa inapepesa halafu taa ndogo ya nyuma nayo inacheza pamoja nayo kwa mwanga hafifu, hiyo ni erthi, wala usibishane.

Mwendo wa kawaida ni mara 60 mpaka 120 kwa dakika. Kwenye gari lenye dainamo ukiona inazembea injini ikiwa sailensa (inanguruma bila kukanyaga mafuta) halafu ukikanyaga mafuta kidogo inachangamka, hiyo siyo ugonjwa, dainamo haichaji vizuri mzunguko ukiwa chini.

Hatua ya 2: Balbu na soketi

Toa balbu zote za upande mbovu, za mbele na nyuma, usiamini macho tu, pima. Indiketa nyingi za volti 12 ni wati 21. Mtu akishaweka ya wati 10 kwa sababu ndiyo aliyoipata, flasha ya bimetali inachanganyikiwa. Angalia pia zile za nyuzi mbili, 21/5, vipini vyake viko juu na chini kidogo ili isiingie kinyume, lakini soketi ikishalegea mtu anailazimisha inaingia, halafu indiketa inawaka kwa ule uzi wa wati 5.

Sasa chungulia ndani ya soketi kwa tochi. Pale chini kuna kitako cha shaba kilichobebwa na springi, kikibonyezwa kinatakiwa kirudi juu chenyewe. Kwenye gari lililokaa sana utakuta kimezama kimeganda, juu yake kuna unga wa kijani, na kile kidoti cha risasi chini ya balbu kimekuwa bapa na kina shimo dogo jeusi ambako cheche zilikuwa zinaruka. Kwangua kidoti kwa msasa, spirei springi mpaka icheze, safisha kuta za soketi kwa brashi. Kama springi imekufa badilisha soketi, usianze kujaza foili mule ndani, nimezikuta nyingi na zote zilikuwa zinaelekea kupiga shoti.

Hatua ya 3: Erthi, na hapa ndipo pa kukaa

Balbu inarudisha umeme kupitia nyumba ya taa, screw, bodi, mpaka betri. Njia yote hiyo ni bati lenye miaka 50, na huenda lilipigwa rangi upya mara kadhaa, na fundi rangi hana habari na erthi yako.

Kupima ni hivi, na lazima indiketa iwe imewashwa, balbu ziko ndani zinakula umeme, vinginevyo kipimo hakina maana. Weka multimita kwenye volti DC, waya mmoja kwenye ganda la soketi, mwingine kwenye terminali ya betri yenyewe ile iliyofungwa kwenye bodi, siyo kwenye bati la karibu. Taa ikiwaka ukisoma chini ya volti 0.2 uko vizuri. Ukisoma 0.5 kwenda juu, erthi ni mbovu. Ukitaka kuthibitisha chukua ule waya wa klipu, unganisha ganda la soketi moja kwa moja na betri, indiketa ikichangamka hapohapo umeshampata mwizi.

Dawa yake: fungua screw, kwangua rangi na kutu mpaka bati ling'ae, paka grisi kidogo, funga tena ukiweka washa yenye meno chini ya screw. Mimi kwenye taa zilizofungwa kwenye plastiki au kwenye bati lililooza napitisha waya wa erthi wa kwake mpaka kwenye bolti nzuri ya bodi, na sijutii.

Kwa wenye magari ya volti 6, kama Beetle nyingi za kabla ya 1967, hili linawahusu mara mbili. Balbu ya wati 21 kwa volti 6 inavuta ampia 3.5, volti moja ikipotelea njiani umepoteza nyingi.

Hatua ya 4: Fyuzi na hazadi

Fyuzi zile za kauri zenye umbo la risasi zinaweza kuwa nzima na bado zisipitishe umeme kwa sababu ya ukungu kwenye ncha. Zizungushe, safisha vishikio. Pima pande zote mbili kwa testa ya balbu, maana multimita itakuonyesha volti 12 safi hata kama waya umebaki na uzi mmoja, testa inavuta umeme kidogo kwa hiyo inaumbua zaidi.

Hazadi: magari mengi ya miaka ya 70 umeme wa indiketa unapita kwanza kwenye swichi ya hazadi. Hazadi zikifanya kazi na indiketa hazifanyi, bonyeza ile swichi mara ishirini hivi kwa nguvu. Zikirudi, spirei ndani.

Hatua ya 5: Sasa ndiyo flasha

Ichomoe, unganisha waya wa kuingia na wa kutoka kwa klipu zako. Ya Kijerumani imeandikwa 49 na 49a, ya Kiingereza ni B na L. Weka indiketa, taa ziwake kwa mwanga mkali bila kupepesa. Zikiwaka hivyo na flasha ukiirudisha inagoma, nenda kanunue. Angalia wati zilizoandikwa juu yake zilingane na balbu zako.

Zisipowaka hata kwa waya, na umeme kwenye 49 upo, swichi ya usukani ndiyo inayofuata. Kata betri kabla ya kuifungua, honi nayo iko hapohapo. Mara nyingi ni grisi ya zamani iliyokauka kama gundi juu ya kontakti.

Mkitaka kuweka LED: zinavuta umeme kidogo mno, bimetali haitasikia kitu, weka flasha ya elektroniki. Rizista za om 6 zinafanya kazi pia ila zinatoa moto wa wati 24 kila moja, zifunge kwenye bati, mbali na waya na plastiki. Na magari mengi ya Kiingereza ya kabla ya mwisho wa miaka ya 60 bodi yake imeungwa na chanya ya betri, kwa hiyo hakikisha flasha hiyo ya elektroniki na LED zenyewe zimetengenezwa kwa erthi ya chanya, la sivyo unaweza kuiunguza flasha siku hiyohiyo unayoifunga.