Migomba adimu ya mapambo: kuitambua na kuipata bila kuuziwa Cavendish, mgomba wa kawaida wa ndizi za biashara

Hatua ya 1: Jua jenasi (kundi la mimea ya ukoo mmoja) kabla ya jina

Migomba ya jenasi ya Musa hutoa machipukizi pembeni, na mbegu zake ni ndogo, milimita 5 hivi. Ensete haitoi machipukizi yenyewe, shina lake limenenepa chini, na mbegu zake ni nyeusi, ngumu, zenye upana wa sentimita 1 au zaidi. Musella lasiocarpa ya Yunnan, China, ni fupi na ua lake la njano husimama wima juu ya shina. Mmea ambao majani yake yamejipanga pande mbili tu zinazotazamana si mgomba hata kidogo: huenda ni Strelitzia au Ravenala.

Hatua ya 2: Kwa migomba ya maua, omba picha ya ua na tunda

Musa velutina, M. ornata, M. laterita na M. coccinea zote husimamisha ua wima, na miche yake hufanana mno. Velutina ina matunda ya pinki yenye manyoya mafupi, yanayojimenya yakiiva. Ornata ina magamba ya ua ya zambarau-pinki, na tunda lake ni laini na halipasuki. Laterita ina magamba ya rangi ya tofali, na machipukizi yake huibuka mbali na mama. Coccinea ni nyekundu kali. Velutina na ornata zikipandwa jirani zinaweza kuchavushana, kwa hiyo mbegu za bustani iliyochanganya hizo mbili usizihesabu kuwa halisi.

Hatua ya 3: Mgomba wa madoa mekundu

Hapa ndipo watu wengi hupoteza pesa. Mgomba unaotafutwa ni Musa acuminata zebrina, wenye asili ya Java: shina jembamba, jani lenye mabaka ya rangi ya damu. Tatizo ni kwamba miche ya tishu (iliyozalishwa maabara kutoka vipande vya mmea) ya Cavendish (Grand Nain, Williams na wenzake) nayo huwa na madoa mekundu ikiwa midogo. Mche wa sentimita 30 unapendeza kwenye picha ya WhatsApp, unauzwa kwa bei ya zebrina, na baada ya miezi michache unabaki na mgomba wa shambani, wa kijani mtupu.

Kabla ya kulipa, fanya yafuatayo. Geuza jani: zebrina ina rangi nyekundu au zambarau upande wa chini pia, imetandaa. Kisha linganisha jani la zamani na jipya kabisa. Kwenye Cavendish kila jani jipya huja na madoa machache kuliko lililotangulia; kwenye zebrina hayapungui kwa mpangilio huo. Tahadhari: zebrina iliyowekwa kivulini nayo hupauka, kwa hiyo usiukatae mche uliokaa chini ya neti nzito mpaka utoe majani mapya juani. Tahadhari nyingine: zebrina za mbegu hutofautiana, nyingine mabaka tele, nyingine kidogo. Muulize muuzaji akupe picha ya mama, mgomba uliozidi mita 1.5, si ya mche. Asipokuwa nayo, acha.

Hatua ya 4: Mabaka meupe au ugonjwa?

Ae Ae, mgomba wa Hawaii wenye mabaka meupe, ni miongoni mwa migomba ghali zaidi. Weupe wake hutoka kwenye mshipa mkuu hadi ukingoni, una mipaka safi, na huendelea kwenye vikonyo, shina, hata tunda. Michirizi ya njano iliyokatikakatika inayogeuka kahawia ni dalili ya virusi, na kuna watu wanaiuza kama urembo. Nukta na vistari vya kijani kilichokoza chini ya jani, pamoja na majani membamba yaliyojikusanya juu, ni dalili ya virusi vya banchi topu (bunchy top), vinavyodumaza mgomba: ondoka hapo.

Chagua chipukizi lenye mchanganyiko. Jeupe tupu litakufa kwa kukosa klorofili. La kijani tupu halitabadilika. Ae Ae haipatikani kwa mbegu. Kwa tishu mara nyingi hupoteza mabaka, kwa hiyo mimi nasisitiza chipukizi lililokatwa mbele yako.

Hatua ya 5: Kuipata

Ensete ventricosum ni ya kwetu, hukua yenyewe nyanda za juu za Afrika Mashariki. Omba mbegu kwa mwenye shamba. Usichimbe kwenye hifadhi. Maurelii, aina yake yenye majani mekundu, haitegemewi kwa mbegu. Ukiwa nayo, fuata njia ya wakulima wa Ethiopia: kata shina karibu na ardhi, toboa kiini cha tunguu (kitako cha mgomba kilicho ardhini), nalo litatoa machipukizi.

Kutoka nje, chukua mbegu badala ya machipukizi. Hata hivyo pata kwanza kibali cha kuingiza kutoka mamlaka ya afya ya mimea, TPHPA kwa Tanzania au KEPHIS kwa Kenya, kisha cheti cha afya ya mimea kutoka nchi ya muuzaji. Chipukizi lenye udongo kutoka eneo la mnyauko (ugonjwa wa bakteria unaoua migomba), kama Kagera, lisiingie bustanini. Panga lioshwe kwa jiki kikombe 1 kwa maji vikombe 5 kabla ya kila mgomba.

Kwa kulinganisha picha, tumia katalogi ya mtandaoni ya migomba, MGIS, inayoonyesha pia mkusanyo wa Leuven, Ubelgiji, wenye sampuli zaidi ya 1,500. Mbegu za "ndizi ya bluu" au "Cavendish" mtandaoni ni utapeli. Cavendish haina mbegu.

Hatua ya 6: Kuotesha

Loweka mbegu saa 48 ukibadilisha maji. Panda kwenye mchanga wa mtoni na kokopiti (vumbi la makumbi ya nazi) nusu kwa nusu, kina cha sentimita 1, Ensete sentimita 2. Joto libadilike: mchana nyuzi 30 hadi 35 za Selsiasi, usiku kama 20. Joto la aina moja usiku na mchana ndilo kosa la kawaida. Velutina huota kwa wiki chache. Nyingine huchukua hadi miezi sita, kwa hiyo chungu kisimwagwe mapema.