Jinsi ya Kutoa Usukani Uliokwama kwenye Gari la Michezo la Zamani

Usukani wa gari la michezo kama MGB, lililoundwa kati ya 1962 na 1980, hushikwa na vitu viwili tu: nati kubwa ya katikati, na meno membamba ya ncha ya shafti yanayoingiana na meno ya kitovu cha usukani. Nati ikishalegea, usukani hutakiwa kutoka kwa mikono. Ukigoma, ujue kutu imejaa katikati ya meno hayo, na kutu hiyo hutaka subira kuliko nguvu. Maelezo haya ni ya magari yasiyo na mfuko wa hewa. Yenye mfuko huo yana utaratibu wake.

Hatua ya kwanza, elekeza magurudumu ya mbele sawasawa, kisha chomoa waya hasi wa betri, kwa kuwa umeme wa honi hupita kwenye usukani. Hakikisha kufuli la usukani halijafunga. Ukilegeza nati huku kufuli limekamata, nguvu yote ya spana huishia kwenye pini yake ndogo, nayo huweza kuvunjika. Afadhali mtu mwingine akushikie usukani.

Hatua ya pili, bandua kifuniko cha honi, nyoosha kingo za washa ya kufungia kama ipo, kisha legeza nati kwa soketi inayoikaa barabara. Usiitoe! Iache mpaka uso wake ulingane na ncha ya shafti, kwa sababu hapo italinda hesi, yaani mikato ya skrubu, zisipondeke na pia itauzuia usukani usikurukie. Nasisitiza jambo hili kwa kuwa miaka ya mwanzo ya kazi hii niliwahi kuitoa nati yote, nikavuta kwa mikono miwili, na usukani ulipoachia ghafla ukanipasua mdomo. Kabla ya kuendelea, gonga alama ndogo kwa senta panchi, yaani kijiti cha chuma chenye ncha kali, kwenye shafti na kwenye kitovu, zikitazamana, ili usukani urudi kwenye jino lilelile.

Hatua ya tatu, dondoshea mafuta ya kulegeza kutu kwenye mzingo ambapo shafti inaingia kitovuni, kidogo kidogo, na urudie jioni na asubuhi. Mafuta yakianza kutoka na rangi ya kahawia kama chai ya rangi, yamefika kwenye meno.

Hatua ya nne ndiyo kazi yenyewe. Vitovu vingi vina matundu mawili yenye hesi. Funga humo bolti za pula, yaani kifaa cha kuvutia usukani, na skrubu yake ya katikati ikandamize ncha ya shafti. Pasipo matundu, tumia bamba la vipande viwili linaloshika nyuma ya kitovu, ukiangalia lisiguse swichi ya indiketa. Kamwe usivute kwa kushika duara wala mikono ya usukani, kwani hupinda. Kaza pula mpaka ikaze kweli, kisha uiache dakika kadhaa. Hapo ndipo mafundi wengi hukosa uvumilivu wakachukua nyundo kubwa. Tangu Januari 1968 kanuni za Marekani zilidai usukani upunguze madhara kifuani mwa dereva gari linapogonga, hivyo shafti nyingi za tangu wakati huo hujikunja zenyewe, na baadhi hushikiliwa na pini za plastiki ambazo pigo moja zito la nyundo hukata.

Kama bado umegoma, pasha kitovu joto kwa kifaa cha kupuliza hewa ya moto, si kwa mwali, baada ya kufuta mafuta yote na kufunika mbao au ngozi kwa kitambaa kilicholowa. Kitovu cha alumini hunufaika zaidi, kwa sababu alumini hutanuka karibu mara mbili ya chuma. Kaza pula robo mzunguko, subiri, kaza tena. Utasikia mlio mmoja mkavu, tak, na nati itakuwa imebana dhidi ya kitovu.

Wakati wa kurudisha, safisha meno kwa brashi ya waya wa shaba, paka grisi nyembamba, linganisha alama zako, na kaza nati kwa kipimo cha kitabu cha gari hilo. Jaribu honi, kisha washa indiketa na uzungushe usukani kuona kama inajizima yenyewe pande zote mbili. Isipojizima, huenda usukani umekaa kwenye jino lisilo lake, nao utolewe tena.