Somo: Kujenga antena kubwa ya vipande kwenye obiti ya Kerbin

Somo hili ni la wachezaji wa Kerbal Space Program, mchezo wa kompyuta wa kurusha roketi, ambao tayari wanaweza kufikisha chombo kwenye obiti na kuunganisha vyombo viwili. Tunajenga antena moja yenye sahani 16 za RA-100 kwa safari tano: kiini kwanza, halafu mikono minne yenye sahani nne kila mmoja. Hakuna modi hata moja. Ninatumia toleo la 1.12, na sababu itaonekana tukifika kwenye kuunganisha.

Hesabu kabla ya roketi

Usiruke sehemu hii, kwa sababu ndiyo inayokuambia kama unahitaji antena hii au la.

Upeo kati ya antena mbili unapatikana hivi: zidisha nguvu ya moja kwa nguvu ya nyingine, halafu tafuta kipeuo cha pili. RA-100 moja ina nguvu ya 100G (G ni bilioni, na jibu linatoka kwa mita). Kituo cha ufuatiliaji pale Kerbin, sayari ya nyumbani kwenye mchezo, kikifika ngazi ya tatu, kina 250G. Kwa hiyo RA-100 moja inaongea na nyumbani hadi kilomita milioni 158. Sayari ya Eeloo ikiwa mbali kabisa iko kama milioni 127. Maana yake, kama shida yako ni kufika tu, sahani moja inatosha mfumo mzima na huna haja ya kujenga chochote.

Ukifunga sahani nyingi kwenye chombo kimoja, nguvu haziongezeki sawasawa na idadi. Kwa sahani zinazofanana za RA, mchezo unachukua idadi na kuipandisha kwa kipeo cha 0.75. Sahani 4 zinatoa 283G, sahani 8 zinatoa 476G, sahani 16 zinatoa 800G. Na kwa kuwa upeo ni kipeuo cha pili, sahani 16 zinakuongezea upeo mara 2.8 tu.

Kwa nini basi tujisumbue? Kwa ajili ya vyombo vidogo. Chukua Communotron DTS-M1, antena nyepesi ya 2G ambayo karibu kila mtu anaifunga kwenye chombo cha utafiti. Ikiongea na kituo cha ngazi ya tatu inaishia kilomita milioni 22, na sayari ya Duna ikiwa upande wa pili wa jua iko kama milioni 35. Hapo unapoteza mawasiliano kwa miezi. Ikiongea na antena yetu ya 800G inafika milioni 40. HG-55, antena yenye nguvu zaidi, nayo inatoka milioni 61 hadi 109, wakati sayari ya Jool haizidi milioni 86. Uzito unaubeba mara moja tu, pale Kerbin, na kila chombo utakachorusha baadaye kinakuwa chepesi zaidi.

Wanasayansi wa kweli wamefuata njia hiyohiyo. Mwaka 1989 Voyager 2 ilipopita Neptune, sahani 27 za mita 25 za Very Large Array kule New Mexico ziliunganishwa na sahani za Goldstone ili kuisikia sauti yake dhaifu. Chombo hakikuweza kuongezewa antena, kwa hiyo sikio la nyumbani ndilo lililokuzwa.

Kiini

Anza na HubMax, ile sehemu yenye pande sita. Juu weka RC-L01, ubongo wa kukiongoza chombo, pamoja na magurudumu ya kugeuzia chombo, betri na paneli za sola. Chini weka tangi na injini ya Terrier. Pande nne zilizobaki weka malango ya kuungania ya Clamp-O-Tron. Ongeza vijeti vya RCS, vile vidogo vya kukisogeza chombo taratibu, na mafuta yake, na antena moja ndogo ili kiini kitii amri hata kabla mkono wa kwanza haujafika.

Mafuta yapime sasa. Tutajenga kwenye kimo cha kilomita 150 na baadaye kupanda hadi 2,863, na safari hiyo inadai karibu 1,020 m/s. Antena yangu ikikamilika ina tani 24 bila mafuta, na kwa Terrier hiyo ni kama tani 8.5 za mafuta. Kama wewe umejenga kizito zaidi, ongeza kwa uwiano huohuo.

Mikono

Kazi yenyewe iko hapa. Mkono ni boriti ndefu yenye lango la kuungania upande mmoja na sahani nne zilizopangwa kwa jozi, mbili huku na mbili kule. Sahani moja ina tani 0.65, kwa hiyo nne ni tani 2.6, na boriti ni nyepesi. Roketi haitalalamika kwa uzito. Tatizo ni upana: sahani hizi hazikunjwi, na kifuniko cha pua kinakuwa kikubwa kuliko unavyotarajia. Panga jozi zifuatane kwa urefu wa boriti badala ya kuzizungusha zote mahali pamoja, na kifuniko kitapungua sana.

Mwisho wa nje wa boriti weka kitenganishi, halafu chombo cha kusukuma: ubongo mdogo, tangi la RCS, vijeti, na injini ndogo. Vijeti vigawanye pande zote mbili za kitovu cha tungamo cha mkono mzima. Washa alama ya kitovu hicho ukiwa kwenye karakana, na uitazame tangi likiwa limejaa na likiwa tupu. Vijeti vyote vikikaa mkiani, kila ukisogea pembeni mkono utazunguka, na utamaliza mafuta ukiurekebisha.

Jenga mkono mmoja, uhifadhi, na urushe uleule mara nne. Mikono ikitofautiana hata kidogo, mizani itapotea wakati wa kupanda.

Kuunganisha

Obiti ya kilomita 150 ina mzunguko wa dakika 36, kwa hiyo nafasi za kukutana zinakuja haraka. Hiyo ndiyo sababu sijengi juu moja kwa moja.

Kabla mkono haujakaribia, elekeza kiini kwenye normal, yaani wima kwa bapa la obiti, na uwashe SAS, mfumo unaoshikilia mwelekeo wa chombo. Kwenye obiti ya ikweta mwelekeo huo haubadiliki chombo kikizunguka, kwa hiyo lango unalolilenga linatulia mahali pamoja. Rudi kwenye mkono, bofya lango lake na uchague Control From Here. Bila hatua hiyo mpira wa mwelekeo unakuonyesha upande wa injini badala ya upande wa lango. Lenga lango la kiini lenyewe, usilenge chombo kizima. Ukibaki mita 50 shuka hadi 0.5 m/s, na mita kumi za mwisho usizidi 0.2. Malango yakikaribiana, sumaku zitamaliza.

Mkono wa pili uunganishe upande unaoukabili wa kwanza, usiuweke jirani yake. Wa tatu na wa nne vivyo hivyo. Mkono ukikaa umepinda kwa kujizungusha, toleo la 1.12 linakuruhusu kulizungusha lango baada ya kuungana. Linyooshe, halafu lifunge. Kisha achia kitenganishi, rudisha chombo cha kusukuma nyuma polepole na ukishushe kwenye angahewa. Usiache takataka karibu na sahani.

Na hapa pana jambo linalonifurahisha kila mara: mkono wa kwanza tu ukishaunganishwa, antena ina 283G. Tayari inazidi kituo cha ngazi ya tatu.

Kupanda

Washa Advanced Tweakables kwenye mipangilio, halafu weka Autostrut, kiungo kisichoonekana cha kukaza sehemu, kwenye boriti ya mwisho ya kila mkono. Chagua Root Part. Wengi huchagua Heaviest Part, lakini hapa sehemu nzito zaidi inaweza kuwa tangi, na uzito wake unapungua kadiri injini inavyowaka.

Rudisha uongozi kwa RC-L01. Anza na msukumo wa asilimia 20, tazama ncha za mikono, ongeza taratibu. Mwako wa kwanza ni kama 610 m/s na wa pili kileleni ni 410. Kwenye kimo cha kilomita 2,863 mzunguko unalingana na siku ya Kerbin, kwa hiyo antena inakaa juu ya sehemu moja, na Kerbin yenyewe inaziba mstari wa kwenda kwenye sayari nyingine kwa muda mfupi tu kila siku.

Maswali ya wanachama

*Mkuu, shukrani kwa somo. Sahani zote 16 lazima zielekezwe kule chombo kiliko?*

Hapana, mkuu. Kwenye mchezo wa kawaida mwelekeo wa sahani hauhesabiwi kabisa. Kinachohesabiwa ni nguvu, umbali, na kama kuna sayari au mwezi unaoziba katikati. Zipange kwa namna inayokupendeza, mradi uzito umelingana.

*Kwa nini usitumie antena ya Communotron 88-88? Ina 100G ileile na ni nyepesi mno.*

Kwa sababu haipokezi. Mchezo unahesabu nguvu mbili tofauti kwa kila chombo: ya kuongea chenyewe na ya kupokeza mawasiliano ya wengine. Kwenye hesabu ya pili 88-88 haiingii. Ukifunga 16 utakuwa na chombo kinachosikika vizuri sana lakini hakimsaidii mwingine yeyote. Za kupokeza ni HG-5 na familia ya RA.

*Mimi nimeshaunganisha mikono mitatu. Nikiwasha SAS chombo kizima kinatetemeka, na kinazidi kadiri muda unavyokwenda. Nifanyeje, kaka?*

Zima SAS mara moja, usisubiri itulie yenyewe. Huo mtetemo unatokana na magurudumu kusukuma, boriti kupinda, na SAS kusahihisha kwa kuchelewa. Kama umeacha vyombo vya kusukuma kwenye ncha, zima magurudumu yao yote, yabaki ya kiini peke yake na uyapunguzie nguvu. Weka Autostrut kama nilivyoeleza. Injini ikiwa inawaka, punguza pia uwezo wa pua yake kugeuka. Kisha lete mkono wa nne, maana mitatu haiwezi kukaa kwenye mizani.

*Chombo changu cha Duna kina DTS-M1. Kimeunganika kama ulivyosema, ila sasa Duna iko mbali kabisa na signo inaonyesha asilimia 4. Kuna kitu nimekosea?*

Hujakosea. Signo haipungui kwa mstari ulionyooka. Nusu ya upeo unapata asilimia 50, lakini ukipita hapo inashuka kwa kasi, na milioni 35 kati ya 40 ni karibu na mwisho. Amri zinafika. Kama unataka signo nzuri kwa chombo kijacho, funga HG-55: kwa umbali huohuo utapata kama asilimia 75.

*Tani 10 za sahani si nyingi. Kwa nini nisirushe yote mara moja?*

Inawezekana, mkuu, kama utaweza kutengeneza kifuniko cha kuzibeba na roketi isiyopinduka kwa upepo wa pua pana namna hiyo. Mimi napendelea vipande kwa sababu mkono ukivunjika unabadilisha huo mmoja tu, na kwa sababu antena inafanya kazi tangu mkono wa kwanza. Ukijaribu ya mara moja, jozi za sahani zipange kwenye mnara mmoja mrefu badala ya msalaba, na mafuta ya kupandia uyaweke chini kabisa.