Umeokota mifupa ya samaki ya kisukuku mtoni? Hivi ndivyo unavyoomba itambuliwe hapa Kenya

Hii nawaandikia hasa walio kando ya mito ya Turkana na Baringo, Kerio kwanza, maana kila mvua kubwa ikipita kingo zinabomoka, mifupa ya kisukuku, yaani ya kale iliyogeuka jiwe, inatoka, watu wanaokota wanapeleka nyumbani, watoto wanachezea, inapotea hivyo hivyo. Mimi nimetoka kuipitia hii shughuli juzi juzi na kuna hatua moja imeniuma sana, hapo ndipo nitakaa zaidi.

Sheria kwanza, haraka. Sheria ya Makavazi na Turathi ya 2006 inakupa siku 7 kuwaeleza Makavazi ya Taifa mahali hasa ulipopata na ilivyokuwa, na kitu chenyewe ukipeleke kwao au kwa DC (sheria inamtaja hivyo, siku hizi ni naibu kamishna wa kaunti) akiweke kwa muda. Ni mali ya serikali. Akija mtu na pesa anataka kununua mwambie hapana, na usitume nje ya nchi hata kipande kidogo eti kuna mtaalamu huko.

Je, ni kisukuku kweli? Mfupa wa mbuta aliyeliwa mwaka jana pia unageuka kahawia ukikaa kwenye tope, kwa hivyo rangi isikudanganye. Shika mkononi: kisukuku huwa kizito kuliko unavyotarajia, na ukikigonga taratibu na kucha kinalia kama kigae. Pingili ya uti wa mgongo wa samaki ni rahisi kuijua, imebonyea katikati pande zote mbili. Kambare ana mwiba wa pezi wenye meno meno pembeni, na vipande vya kichwa chake vina vipele vidogo vidogo juu. Kamongo huacha bamba la meno lenye matuta. Ukikuta magamba mazito ya pembe nne yanayong'aa, hayo huenda ni ya samaki aitwaye Polypterus. Na meno madogo mapana usiyatupe, huko Turkana, sehemu za Lothagam na Kanapoi, yamepatikana ya Sindacharax, samaki ambaye hayuko tena duniani.

Kabla ya kugusa chochote piga picha mfupa ukiwa pale pale ulipo, weka rula au sarafu kando, washa lokesheni ya simu. Halafu usioshe na siki, ndimu wala sabuni ya unga, na brashi ya waya sahau kabisa, asidi inakula mfupa. Anika kivulini, jua la kwetu linaupasua. Funga na tishu, kila mfupa na mfuko wake, na ndani uweke karatasi yenye nambari iliyoandikwa kwa penseli, wino ukipata unyevu unaenea husomi kitu.

Sasa hatua yenyewe, kukabidhi. Ofisi niliyoanzia, ya serikali, jina naliacha, ilinipokea vizuri tu. Lakini karani akafungua mifuko yote akamimina mifupa kwenye mfuko mmoja, karatasi zangu akaziweka kando, kitabuni akaandika "mifupa ya samaki, mtoni". Basi. Ilipofika kwa wataalamu swali la kwanza likawa upi ulitoka wapi, na hakuna aliyeweza kujibu, maana iliyokuwa ndani ya ukingo na iliyookotwa kwenye changarawe chini ilishachanganyika, na hii ya changarawe maji yanaweza kuwa yameiburuta kutoka mbali, umri wake ukawa tofauti kabisa. Nikalipa nauli tena kurudi mtoni, nafika nakuta ule ukingo wenyewe umeshamegwa na maji. Iliniuma, mpaka leo.

Kwa hivyo peleka barua, nakala mbili, iwe hivi: "Mimi (jina, nambari ya kitambulisho, simu) tarehe fulani nimepata mifupa 5 ukingoni mwa mto Kerio karibu na kijiji fulani, GPS ni hii. Nambari 1 na 2 ilikuwa ndani ya ukingo, tabaka la mchanga mweupe, mita moja hivi juu ya maji. Nambari 3 hadi 5 ilikuwa imelala juu ya changarawe. Naomba itambuliwe na nipewe majibu kwa maandishi." Bandika picha. Zote mbili zigongwe muhuri mbele yako, moja ubaki nayo, chukua jina na simu ya aliyepokea. Na simama hapo hapo mpaka uone mifuko imefungwa kila mmoja peke yake. Ukiweza kufika Makavazi yenyewe, Nairobi pale Museum Hill au tawi kama Kitale au Kabarnet, nenda moja kwa moja.

Majibu yatachukua muda. Mtaalamu anaulinganisha mfupa wako na mifupa ya samaki wa siku hizi, na mara nyingi atakuambia jamii tu, mfano Clarias (kambare), spishi kwa pingili moja ni ngumu. Umri nao kwa kawaida unatoka kwenye tabaka, huku Turkana wanapima majivu ya volkano yaliyo juu na chini yake, ndio maana nasisitiza mahali. Na usione aibu kupeleka kitu kidogo. Kijana wa Turkana, ile mifupa maarufu ya binadamu wa kale, alianza na kipande kidogo cha fuvu alichokiona mtafuta visukuku Kamoya Kimeu karibu na mto Nariokotome, 1984. Kwa upande wa samaki, visukuku vya vilima vya Tugen, Baringo, vilitupa Tugenchromis, samaki wa ukoo wa perege aliyepewa jina 2017, wa miaka kama milioni 9 hadi 10 iliyopita.

Wakitaka kuja kuona, mjulishe chifu mapema, wewe usianze kuchimba, hilo lina kibali chake. Rundika mawe mbali kidogo na ukingo, mahali mafuriko hayafiki, uhesabu hatua kutoka hapo hadi mfupa ulipotoka uziandike kwenye nakala yako, maana GPS ya simu hukosea mita kadhaa.