Kuweka mtandao wa ruta ya hifadhi: usiunganishe diski kabla pakiti kubwa hazijapita

Mwenzangu kazini aliniita kwenye ruta ya hifadhi, yaani kile kifaa kinachopokea maombi ya iSCSI (maombi ya kusoma na kuandika diski yanayosafiri kwenye mtandao wa kawaida) kutoka kwa seva kupitia Ethernet, kisha kuyafikisha kwa diski zilizo upande wa Fibre Channel, mtandao maalumu wa diski. Seva ilikuwa imeiona diski na kuikubali bila shida. Ila akianza tu kunakili faili kubwa, kazi inaganda. Diski zilikuwa nzima na kebo nzima. Shida ilikuwa kwenye mtandao, mahali ambapo ping ya kawaida, ile pakiti ndogo ya kujaribu kama kifaa kinajibu, haifichui kitu. Naandika mpangilio wote kuanzia mwanzo, lakini ukiwa na haraka nenda moja kwa moja hatua ya 4.

Hatua ya 1: Gawa anwani kwenye karatasi

Usimamizi uwe na mtandao wake, na kila njia ya data iwe na wake. Mfano:

- Usimamizi: 192.168.50.0/24
- Data, njia A: 10.20.1.0/24
- Data, njia B: 10.20.2.0/24

Usiweke njia A na B kwenye mtandao mmoja, hata kama kifaa kinakubali. Seva ya Linux yenye kadi mbili kwenye mtandao mmoja inaweza kujibu ARP (swali la mtandao la "nani ana anwani hii?") ya anwani ya kadi moja kupitia kadi nyingine, na data yote ikatokea upande mmoja. Utadhani una njia mbili, kumbe unayo moja, na utaligundua hilo siku kebo itakapokatika.

Wapo wanaotumia /30 ili kubana anwani. Mimi siungi mkono. /30 inakupa anwani mbili tu za kutumia, na siku ukiongeza seva ya pili itabidi upange upya kila kitu. Anwani za 10.0.0.0/8 ni za ndani na ni nyingi mno. Hakuna cha kubania.

Hatua ya 2: Ingia kwa kebo ya konsoli

Vifaa vingi vinatumia kasi ya 9600, biti 8, bila pariti, biti 1 ya kusimama. Hakikisha kwenye kitabu cha kifaa chako. Usianzie kwenye ukurasa wa kivinjari: ukibadilisha anwani tu, umekata tawi ulilokalia. Ukishaingia, kwa ajili ya kuingia kwa mbali washa SSH na uzime Telnet, kwa sababu Telnet hupitisha nenosiri wazi wazi.

Hatua ya 3: Anwani, lango na saa

Anwani ziwe za kudumu. Usitumie DHCP (anwani zinazogawiwa na seva) hapa, hata ile ya kutengewa anwani maalumu. Umeme ukikatika na kurudi, ruta ya hifadhi inatakiwa iwake kabla ya seva zote, na mara nyingi seva ya DHCP yenyewe imekaa kwenye diski zilizo nyuma ya ruta hiyo. Kila mmoja anamsubiri mwenzake. Kwa sababu hiyo hiyo, seva ya saa ya NTP iandike kwa anwani ya IP, si kwa jina.

Lango la kutokea (default gateway, mlango wa kwenda mitandao mingine) weka upande wa usimamizi peke yake. Poti za data hazilihitaji, kwani seva zako zimo kwenye mtandao huo huo. Ukiliweka upande wa data, majibu ya usimamizi yanayokwenda mitandao mingine yatatokea mlango usio wake na ukuta wa moto utayatupa.

Hatua ya 4: MTU

Hapa ndipo muda huishia. MTU ni ukubwa wa juu wa pakiti, kwa baiti, ambao poti inakubali kubeba. Ya kawaida ya Ethernet ni 1500. Kwa hifadhi wengi hupandisha hadi 9000 ili data ile ile ibebwe na fremu chache zaidi, na seva isichoshwe na kuzishughulikia. Wazo ni zuri, lakini lina sharti: kila kifaa njiani kikubali ukubwa huo, yaani kadi ya seva, kila swichi na poti ya ruta.

Ncha moja ikibaki 1500 na nyingine ikawa 9000, mara nyingi iSCSI itafanya kazi bado. TCP, itifaki inayobeba iSCSI, inapoanza mazungumzo, kila upande hutangaza kipande kikubwa unachoweza kupokea, na mwingine hauvuki hapo. Balaa ni pale ncha zote mbili zina 9000 na swichi ya katikati ina 1500. Ncha zinakubaliana kutumia fremu kubwa, na swichi inazitupa kimya kimya, kwa sababu swichi ya kawaida hairudishi ujumbe wa ICMP (taarifa za hitilafu na majaribio ya mtandao, ping ikiwemo) kusema pakiti ni kubwa mno. Maombi ya kuingia ni madogo, yanapita. Orodha ya diski ni ndogo, inapita. Faili la kwanza kubwa linakwama, na wewe unaanza kuishuku diski.

Kwa hiyo jaribu kwa pakiti kubwa isiyoruhusiwa kukatwa vipande. Hapa 10.20.1.5 ni anwani ya ruta kwenye njia A. Kwenye Linux:

`ping -M do -s 8972 10.20.1.5`

Kwenye Windows:

`ping -f -l 8972 10.20.1.5`

8972 ni 9000 ukitoa baiti 20 za kichwa cha IP na 8 za ICMP. Ukiandika 9000 itakataa hata kama mtandao ni mzima, na utatafuta kosa lisilokuwepo.

Soma jibu kwa makini. Kosa la papo hapo kwamba ujumbe ni mrefu mno linatoka kwenye seva yako mwenyewe: kadi yake haijapandishwa. Ukimya mtupu una maana pakiti imeondoka na kupotelea njiani au kwenye ncha ya pili. Hapo jaribu na 1472, yaani 1500 ukitoa 28 zile zile. Ikipita hiyo na 8972 ikakataa, umeshapata ushahidi. Anza kukagua swichi moja baada ya nyingine.

Kwenye swichi angalia namba inahesabu nini. Baadhi ya watengenezaji huhesabu pamoja na kichwa cha Ethernet, baiti 14, na 4 za ukaguzi mwishoni, na VLAN (alama ya kutenganisha mitandao ndani ya swichi moja) inaongeza 4 nyingine. Fremu ya 9000 hufika hivyo 9022. Swichi ya namna hiyo ukiiandikia 9000 kamili, itatupa fremu zako. Mimi huiweka kwenye kiwango cha juu kabisa inachokubali, mara nyingi 9216, na kuacha 9000 kwenye ncha tu.

Rudia jaribio kwa kila seva na kila njia, A na B. Kama huna mamlaka juu ya swichi zote zilizo katikati, baki na 1500. 1500 inayopita ni bora kuliko 9000 inayopotea.

Hatua ya 5: Njia mbili

Usiunganishe poti za data kwa LACP, yaani kufunga kebo kadhaa zionekane kama moja. Muunganisho mmoja wa TCP hupita kebo moja tu hata ukiwa umefunga kebo nne pamoja. Tumia `multipathd` kwenye Linux au MPIO kwenye Windows, ambazo hutumia njia A na B kufikia diski ile ile.

Hatua ya 6: Tafuta diski

Kwenye seva ya Linux:

`iscsiadm -m discovery -t sendtargets -p 10.20.1.5`

Poti ya iSCSI ni 3260. Kagua anwani zote zinazorudi: kifaa hutaja kila anwani kinakosikiliza, na ikiwemo ya usimamizi, seva inaweza kujaribu kuingia huko na kusubiri hadi ichoke. Funga iSCSI isisikilize upande huo.

Hatua ya 7: Hifadhi mipangilio

Mipangilio inayofanya kazi sasa na ile itakayosomwa kifaa kikiwaka ni vitu viwili kwenye vifaa vingi. Hifadhi, zima, washa, kisha rudia ping ya 8972 kwenye njia zote mbili kabla hujaweka data yoyote ya watu.