Dawa ikikubabua ngozi, fanya hivi haraka

Jamani wa Mbeya, ukianza Septrin, kabamazepini ya kifafa au alopurinoli ya gauti, icheki ngozi yako hasa wiki 4 za kwanza, maana hapo ndo seli T za kinga zinaweza kuichukulia dawa kama adui, zikamwaga granulisini, sumu inayoua seli za ngozi yako mwenyewe. Homa, macho mekundu, vidonda mdomoni, ngozi inauma afu inabambuka? Acha hiyo dawa, nenda hospitali sahivi, yani hata kama uko Tukuyu na mvua inanyesha usisubiri kesho, na beba pakiti zote mpaka za duka la dawa. Malengelenge usiyatumbue, mitishamba usipake. Ukipona, jina la dawa liandikwe kwenye kadi yako, usiimeze tena kabisa.